Sindano Kumi na Moja

Mama alilitaja jina la babu siku ya Ijumaa, saa moja asubuhi, uani, mbele ya majirani wawili waliokuja kuchota maji. Tangu dakika ile hakuna mtu mzima nyumbani kwetu aliyeuliza tena homa yake imefikia wapi. Kila mtu alikuwa anauliza habari ya jina.

Kama wewe si mtu wa huku Kyela inabidi nikueleze, la sivyo utaona nakuza jambo. Babu ninayemsema ni baba wa baba yangu, kwa hiyo kwa mama ni baba mkwe. Na kwetu, kwa familia zinazoshika mila kama yetu, mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Haketi alipoketi yeye, hapiti njia aliyosimama yeye, na jina lake halilitamki mpaka mmoja wao azikwe. Tunaita kutila. Wengi wa mjini wamelegeza, wengine wanasalimiana na kupeana mkono kabisa, lakini kwenye ua wetu hapa Bujonde mila hiyo ilikuwa bado ina nguvu zake zote. Mama alikuwa ameishi nayo miaka ishirini na sita. Kuna aina moja ya ndizi ambayo jina lake linagusa kidogo jina la babu, basi mama akawa anaziita "zile fupi". Sisi watoto tukakua tukiziita zile fupi, hadi siku niliyotumwa sokoni Kyela nikamwomba mama muuza ndizi anipimie zile fupi, akaniuliza fupi kuliko nini.

Babu naye alikuwa na wajibu wake. Kabla ya kupinda kona ya nyumba alikuwa akikohoa mara mbili, ili mama apate muda wa kuingia ndani au kugeukia migomba. Mwanamke aliyeweza kufanya hivyo miaka yote hiyo bila kuteleza hata mara moja hawezi kuamka siku moja akaamua kumtukana mzee. Nililiona hilo palepale. Mimi niliyefeli hesabu kidato cha nne nililiona, na wao hawakuliona. Au waliliona wakaona jina ni jambo rahisi zaidi kushughulikia.

Nirudi nyuma siku chache.

Mama ana ugonjwa wa figo. Ulianza na presha ambayo hakuna aliyeijali, kisha miguu ikaanza kuvimba, na mwaka juzi hospitali kubwa ya Mbeya wakasema figo zimechoka, zimebaki na nguvu kidogo. Hajafikia kwenye mashine. Anahudhuria kliniki, anapunguza chumvi, anakunywa vidonge vyake, na mimi ndiye ninayempeleka, kwa sababu baba anafanya biashara ya kuvuka mpaka na wiki nyingi yuko Karonga, upande wa Malawi, kwa shangazi zake. Karatasi ya kliniki ilikuwa kwangu, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuwa naipenda ile kazi. Nilijiona kama katibu wa figo za mama.

Kazi yangu nyingine ni kugeuza kakao. Kakao ikishavundikwa huanikwa kwenye vichanja, na lazima mtu aipitie kwa mikono asubuhi mpaka jioni ili ikauke sawasawa. Nina ndoto moja ambayo huwachekesha wote nyumbani: nataka siku moja nitengeneze chokoleti hapahapa Kyela, kwa kakao yetu, watoto wetu wajue kinalika vipi kile wanachokivuna. Kwa ajili ya ndoto hiyo huokota vichupa vidogo vya kioo, navichemsha, natia unga wa kakao ya kila shamba na kuandika imetoka wapi. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake baba na tunakaa ua mmoja, ananiita Daktari wa Kakao.

Jumatatu mama aliamka na homa, akasema haja ndogo inamchoma. Nikampeleka kwenye zahanati binafsi iliyo karibu nasi. Tabibu ni kijana mchapakazi, anafahamika, ana mkono mwepesi wa sindano. Alimpima malaria, hakuna. Akapima mkojo.

"UTI sugu," alisema. "Atachomwa siku saba, asubuhi na jioni."

"Tabibu, mama ana figo," nilimwambia. "Karatasi yake ya Mbeya hii hapa."

Hakuipokea. Alikuwa anavunja kifuniko cha kichupa. "Figo na mkojo ni njia moja, binti. Ndiyo maana tunaisafisha."

"Haitamsumbua?"

"Kwani wewe umesomea nini?"

"Kakao," nilijibu. Watu kwenye benchi wakacheka, tabibu akacheka, mama mwenyewe akatabasamu na homa yake. Na mimi nikacheka. Kicheko changu cha siku ile bado kinaniudhi kuliko chao. Nilikuwa nimeshika karatasi mkononi, nikacheka, nikairudisha kwenye nailoni.

Ile dawa ni unga mweupe unaochanganywa na maji na kuingizwa kwenye mshipa. Mtu yeyote wa huku anaijua. Ukikohoa unachomwa, ukijikata jembe unachomwa, tumbo likikuuma unachomwa. Kila mara alivunja vichupa viwili. Waliacha kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa, mkononi mwa mama, imefungwa kwa plasta, na mimi nikaweka kengele kwenye simu: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Si redio kila siku inatuambia tumalize dozi? Mtu akiacha dawa katikati, vidudu vinakuwa sugu. Mimi ni mtiifu kwa mambo kama hayo. Sikumkosesha mama hata sindano moja. Na vichupa vikiisha nilimwomba muuguzi anipe, navitia mkobani, vilikuwa vizuri, vina mdomo mpana.

Jumatano jioni kikombe cha chai kilimtoka mama mkononi. Nikaona vidole vinaruka, kimoja kimoja, kama mtu anayeshtuliwa na umeme mdogo. Alhamisi alisimama mbele ya kitanda ameshika ncha mbili za kanga, ametulia, akaniuliza, "Hii inafungwaje?" Nikadhani ananitania. Nikamfunga. Baadaye akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki, akaniuliza kama nimelisha nguruwe. Hatujawahi kufuga nguruwe.

Jioni ile nilimwambia tabibu, "Mikono inarukaruka, na maneno yake hayaeleweki."

"Homa imeshuka au haijashuka?"

"Imeshuka."

"Basi dawa inafanya kazi. Mwili umechoka tu huo. Mpe uji."

Kweli homa ilikuwa imeshuka.

Ijumaa asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga huo uji. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake uani, analinda mpunga ulioanikwa kwenye turubai. Mama akatoka ndani bila kitambaa kichwani, akamfuata moja kwa moja, akasimama mbele yake karibu kabisa kama mtu anavyosimama mbele ya mumewe, akamwita jina lake. Lote, jina na ukoo. Halafu akasema, "Kuku wanamaliza mpunga na wewe umekaa tu."

Nilipotoka jikoni babu alikuwa ameshageukia ukuta, kofia ameishusha usoni. Majirani wawili walikuwa wamesimama na ndoo zao na hawakuwa na haraka yoyote ya kuondoka. Na kuku, niseme ukweli, walikuwa wanamaliza mpunga.

Nilimshika mama mkono nikamrudisha ndani. Mkono ulikuwa unatetemeka mpaka begani. Nilimwambia baba mdogo, "Tumpeleke Mbeya leo hii. Ugonjwa umemwingia kichwani."

"Mbeya?" alisema. "Na hili la hapa uani linabaki na nani?"

"Baba mdogo, hajui alichosema."

"Kinachotoka kilikuwemo. Miaka yote hiyo alikuwa nacho moyoni." Akashusha sauti, kwa sababu si mtu mkali, ni mtu mwoga. "Sikiliza, gwe mwana. Mama yako amevunja kitu kikubwa. Akitoka na hilo bila kusafishwa, akafia njiani, ninyi watoto mtabaki nalo. Kwanza mumewe aje, kuku atolewe, aombe radhi, ndipo aende hata Dar es Salaam."

"Baba yuko Karonga."

"Nimempigia. Anakuja keshokutwa."

Nikampigia baba mwenyewe. Mtandao wa huko ulikuwa unakatikakatika, nilichokisikia ni, "Msikilize mdogo wangu, nakuja." Nikabaki naitazama simu. Mke wako ananiuliza kama nimelisha nguruwe, na wewe unasema msikilize mdogo wangu.

Kuna kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Baba mdogo alisema mama hatoki, lakini sindano aendelee nazo.

"Kwa hiyo zahanati anaweza kwenda na Mbeya hawezi?" niliuliza.

"Zahanati ni hapahapa. Hajavuka mto. Na dozi lazima imalizwe, si wewe mwenyewe ndiye mhubiri wa dozi?"

Nilikuwa mimi. Kengele ililia saa mbili nikampeleka. Ikalia tena jioni, nikampeleka. Mama alikuwa anachomwa kile kilichomtoa akili, na mtu aliyemshika ili asitikisike ni mimi, nikimwambia, "Vumilia mama, zimebaki chache."

Siku ile nzima watu waliingia na kutoka. Mmoja alisema mizimu ya upande wa bibi imemshika ulimi. Mwingine akasema ni dharau ya zamani imepata homa ya kujifichia. Mtumishi wa kanisa akaja akaomba vizuri sana, akaondoka. Watu wema wote hawa, waliotuletea ndizi na kuni. Hakuna hata mmoja aliyesema neno figo. Mama alikuwa amekaa kitandani anachuma vitu hewani kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama anachambua mchele.

Jumamosi asubuhi hakuweza kutembea. Jirani mwenye pikipiki alitupakia, mama katikati na mimi nyuma nimemkumbatia, na kila alipostuka tulistuka wote watatu. Muuguzi alilalamika kwamba mgonjwa anachezesha mkono. Hiyo ilikuwa ya kumi na moja.

Tuliporudi nilimlaza, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya nyumba nikalia. Nikasikia kikohozi upande wa pili wa kona. Mara mbili. Nikajifuta machozi. Babu hakupinda kona, alibaki palepale ukutani.

"Mama yako anakula?" aliuliza.

"Hali, babu."

"Analala?"

"Tangu juzi hajalala."

"Sasa yuko hapa anafanya nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilijizuia, nikasema, "Baba mdogo amekataa. Anasema ni kwa ajili ya jina."

"Jina la nani?"

"Lako, babu."

"Mimi nimelalamika?"

Nikafikiri. Tangu jana asubuhi babu hakuwa amesema neno lolote kwa mtu yeyote. Alikula akalala, akaamka akaanika mpunga.

"Hujalalamika."

"Mpeleke," alisema. "Wakikuzuia waambie mwenye jina amesema."

Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Nilimwambia ndaga, asante ya kwetu, kwa sababu mdomo umezoea, lakini moyoni nilikuwa najiuliza kwa nini imechukua siku nzima na sindano tatu mzee huyu kukohoa. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anasubiri aulizwe. Mila iliyotengenezwa kwa ajili ya heshima yake, watu waliipigania siku nzima, na hakuna aliyekwenda kumuuliza kama ameumia. Na yeye akakaa anasubiri. Nampenda babu yangu, lakini hilo sijamsamehe vizuri.

Baba mdogo aliposikia hakubisha. Nafikiri alifurahi kwamba mtu mwingine amebeba uamuzi. Tuliondoka kwa gari la jirani, Noah. Tulipopanda kuelekea Tukuyu baridi ikaanza, nikamfunika mama kwa kitenge changu, yeye akiongea bila kituo, neno moja mara kumi, mara ishirini. Nilikuwa nimebeba mkoba wangu wa kila siku bila kuangalia una nini.

Mapokezi Mbeya waliuliza kama ana historia ya ugonjwa wa akili. Nikasema hapana. Wakauliza kama anakunywa pombe. Mama yangu, mwanakwaya. Wakamwita daktari, mwanamke kijana, sidhani kama alikuwa amenizidi hata miaka kumi. Alimpima sukari, akamwambia anyooshe mikono mbele kama anayezuia gari. Viganja vikawa vinaanguka na kurudi, vinaanguka na kurudi. Akaniangalia.

"Dada, siku hizi alikuwa anatumia dawa gani?"

"Sindano za UTI."

"Sindano gani?"

Jina sikulijua. Nikashika kichwa, kisha nikakumbuka mkoba. Nikaumwaga mezani. Vichupa ishirini na viwili, vingi vimeoshwa, vinang'aa, vingine nimeshavibandika karatasi ya jina la shamba. Daktari alikiinua kimoja ambacho maandishi ya kiwandani yalikuwa hayajatoka, akasoma. Akavihesabu vyote kwa kidole.

"Hivi vyote ni vyake? Kwa siku ngapi?"

"Tano na nusu. Viwili kila mara, asubuhi na jioni."

"Na aliyemchoma alijua ana figo?"

"Nilimwambia. Nilimwonyesha na karatasi hii." Nikaitoa kwenye nailoni.

Daktari hakupaza sauti. Alisoma karatasi, akaiweka juu ya vichupa. Kisha akanieleza kwa lugha ambayo hata mimi niliielewa. Dawa ikishafanya kazi lazima itoke mwilini, na figo zina sehemu kubwa katika kuitoa. Figo zikiwa dhaifu na dawa ikawa nyingi, ile ya asubuhi inakuwa haijaisha na ya jioni inaongezwa juu yake. Inajaa. Ikijaa inafika kwenye ubongo, na hapo mtu hurukwa na vidole, huchanganyikiwa, huona vitu, hukosa usingizi, na wengine huanguka degedege wasiamke. Akasema watampima pia mambo mengine, wasije wakakosea kama wenzao. Akasema dawa yenyewe si mbaya, imeokoa watu wengi, ila mgonjwa wa namna hii hupangiwa kipimo kwa kuangalia damu yake kwanza.

"Sasa mtampa dawa gani ya kumrudisha?" niliuliza.

"Hakuna. Tunamwachisha hii, tunamwekea nyingine ndogo ya huo mkojo, tunasubiri."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mpaka dakika ile nilikuwa na hofu tu. Nilidhani kumrudisha mama kutahitaji mashine, au mganga bingwa kutoka ng'ambo, au muujiza wa yule mtumishi. Kumbe kilichohitajika ni mtu kuacha. Jumatano kikombe kilipoanguka, tungeacha. Alhamisi niliposema mikono inaruka, angeacha. Ijumaa badala ya kuita kikao, tungeacha. Tiba ilikuwa kutofanya kitu, na sisi wote, tabibu na redio na baba mdogo na mimi na kengele yangu, tulikuwa hodari wa kufanya.

Vipimo vingine vilirudi safi. Jumapili mama alibaki vilevile. Jumatatu alilala mchana kutwa, nikawa naweka mkono puani kwake kila baada ya muda. Jumanne vidole vilitulia. Jumatano asubuhi alifungua macho, akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mbona kichwa hujachana? Umetoka nacho hivyo nyumbani?"

Nilimkumbatia mpaka muuguzi akanikemea.

Sikumwambia habari ya jina. Baba ndiye aliyemwambia. Alifika Mbeya siku hiyohiyo, siku tatu baada ya ile aliyoahidi, amebeba machungwa, akakaa pembeni ya kitanda na kwa sababu hakujua la kusema akasema lile. Mama alijifunika shuka uso mzima. Alikaa hivyo mpaka saa ya chakula. Daktari alipopita akadhani hali imerudi, akamwita, akamgusa.

"Sijambo," mama alisema chini ya shuka. "Ni aibu tu."

Tulirudi nyumbani baada ya wiki moja na zaidi kidogo. Na unajua walichokuwa wanatungoja nacho? Kikao. Jumapili baada ya ibada. Baba mdogo alikuwa ameshachagua na kuku.

"Baba mdogo," nilisema, "karatasi ya hospitali imeandikwa kabisa. Ni dawa."

"Sawa, ni dawa. Jina lilitajwa au halikutajwa?"

"Lilitajwa."

"Basi. Dawa ijibu kwa daktari, jina lijibu hapa."

Nilimfuata mama nikamwambia asikubali. Alikuwa anajifunga kitambaa, mikono imetulia, nilikuwa bado napenda kuitazama. "Niache mwanangu," alisema. "Nataka kupita uani kwangu." Kwa sababu tangu tulipofika alikuwa hapiti. Kwenda chooni alizunguka nyuma ya migomba yote mpaka kwenye miti ya kakao, na miguu yake ile inayovimba, ili asiwe hata na uwezekano wa kukutana na kikohozi. Mwanamke ametoka kuponea chupuchupu, anazunguka shamba kuficha kosa la kichupa.

Kikao chenyewe kilikaliwa na ukuta katikati. Mama alikuwa ndani kwenye mkeka, mgongo mlangoni, kuku mapajani amefungwa miguu. Babu alikuwa nje, upande wa pili wa dirisha. Baba, baba mdogo na mashemeji wawili wa mama walikaa barazani katikati yao, wa kupokea maneno huku na kuyapeleka kule. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilisimama mlangoni, sikukaribishwa.

Baba mdogo alianza kueleza kosa. Alieleza vizuri, kwa Kinyakyusa kizito, akazunguka jina bila kuligusa. Alipofika kwenye radhi, mama akafungua mdomo, na nikasema, "Kabla hajaomba, nani amekuja kumwomba yeye?"

"Kaa chini, Daktari wa Kakao."

"Sikai. Amechomwa sindano kumi na moja. Tatu za mwisho mlimpeleka huku mmemkataza hospitali. Mimi mwenyewe nilimpeleka. Hizo zinaombewa radhi kwa kuku yupi?"

Shemeji mmoja alisema binti huyu ameharibiwa na mji, nami mji wangu mkubwa ni Mbeya, tena wodini. Baba mdogo alikuwa amesimama tayari. Ndipo babu alipokohoa kule dirishani. Baba mdogo akaketi.

"Mwulizeni kama alisikia nilichomjibu," babu alisema.

Baba mdogo alichanganyikiwa. "Tata, ulimjibu?"

"Aliponiita niliitika. Nilisema naam. Tangu mama yenu afe hakuna mtu aliyeniita jina hilo kwenye ua huu, wote ni tata, babu, mzee. Nikaitika kabla sijajua ni nani. Sasa kama kumwita mkwe ni kosa, na kumwitikia mkwe ni kosa. Niletewe kuku wangu na mimi niketi hapo mkekani."

Baba mdogo alimtazama baba, baba akatazama viatu. Ndani, mama alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikashtuka nikidhani yamerudi yale ya vidole. Nikamchungulia. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka, na kuku anamtazama.

Kuku alifunguliwa miguu. Baba mdogo hakuniongelesha wiki nzima. Mama siku ileile jioni alipita uani, katikati, akiwa ameangalia chini kama zamani, na babu alikohoa mara mbili kama zamani.

Mimi sikutulia. Ukoo mzima uliweza kukaa mchana kutwa juu ya jina ambalo mwenyewe aliliitikia, na juu ya ile dawa hakuna aliyekaa hata dakika moja. Basi Jumatatu nikaenda kukaa mwenyewe. Nilichukua karatasi ya hospitali nikaenda zahanati, nikapanga foleni na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika tabibu aliuliza, "Mama ameshapona ile UTI?"

Nikamwekea karatasi mezani. Safari hii nilibaki nimeishika kwa kidole ili asiisukume. Aliisoma. Alirudia mstari mmoja, midomo ikicheza.

"Hukuniambia ana figo," alisema.

"Nilikuambia. Nilisimama hapahapa, ukaniuliza nimesomea nini."

Nje watu kwenye benchi waligeuza shingo. Tabibu alisema hapa hawana kipimo cha damu cha figo, na dawa zilizopo ni hizi, na kwa siku anaona watu wengi. Sikukataa, yote hayo ni kweli. Nikamwambia karatasi ya mama ilikuwa na kipimo, imeandikwa kwa wino, na haikuhitaji mashine, ilihitaji kufunguliwa. Nikamwambia pia kwamba mama aliniuliza jinsi ya kufunga kanga. Sijui kwa nini nilichagua hilo kati ya yote.

Pole hakusema. Alikunja karatasi akanirudishia kwa mikono miwili, akaita mgonjwa anayefuata. Akaingia mzee mmoja na daftari lake, anakohoa. Tabibu alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye boksi la vichupa. Akaurudisha.

"Mzee, una tatizo la figo?"

"Figo?" mzee alisema. "Nimekuja na kifua, wewe unanipeleka wapi?"

Tabibu alinitupia jicho. Mimi nilikuwa bado mlangoni, sijatoka, wala sikuwa na nia ya kutoka.

"Jibu tu, mzee," alisema. "Presha je? Miguu inavimba?"